Kabla ya Kipenga



Katika somo lililopita tulisoma stakabadhi ya mauzo ya ufuta. Tulijifunza kutafuta uzito, bei na jumla. Leo tunasoma habari za mpira. Usicheke. Kazi ni ileile. Katika stakabadhi kuna maneno mengi, na wewe unatafuta machache yanayokuhusu. Katika habari za mpira maneno ni mengi zaidi, na baadhi yake hayana uzito wowote.

Somo hili linahusu mchezo ambao bado haujachezwa. Mchezo uliokwisha ni rahisi kuusoma. Unatafuta nani kafunga, basi. Mchezo unaokuja ndio wenye kazi. Redio inasema lake, gazeti linasema lake, simu inasema lake, na kijana wa bodaboda naye anasema lake. Nani anajua, na nani anabahatisha?

Mfano wetu ni Simba na Yanga. Sijaona darasa hata moja, tangu Kibiti mjini mpaka vijiji vya delta, ambalo halina watu wa pande zote mbili. Hata akina mama wanaosema hawana habari na mpira, ukiwauliza polepole, kila mmoja ana upande wake.

WATANI WA JADI

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Zamani Simba iliitwa Sunderland. Jina la Simba lilianza mwaka 1971. Makao ya Yanga yako Jangwani. Makao ya Simba yako mtaa wa Msimbazi. Kote huko ni Kariakoo, Dar es Salaam, na mtu mzima hutembea kwa miguu kutoka klabu moja hadi nyingine bila kuchoka. Basi hawa ni majirani, ndiyo maana wanaitwa watani wa jadi. Sisi hatuhitaji kuelezwa utani. Mtani wako anaweza kukucheka hata msibani, na wewe usikasirike.

Michezo yao mingi ya miaka hii imechezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2007 na huingiza watu 60,000. Ulipewa jina la Mkapa mwaka 2020. Ninyi wa Kibiti na Ikwiriri mlilijua jina hilo mapema zaidi, kwa sababu Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Waliovuka kwa pantoni kabla ya hapo wanakumbuka.

TAREHE NA SAA KWANZA

Ukishika habari ya mchezo unaokuja, usianze na majina ya wachezaji. Anza na vitu vitatu. Siku gani? Saa ngapi? Uwanja gani? Vitu hivyo vikikosekana, hiyo si habari. Ni porojo.

Saa ndiyo inayowapoteza watu wengi. Nitakueleza kisa cha mzee mmoja wa darasa la delta. Jina lake silitaji, maana bado tunakaa naye darasani.

Mzee huyu ni mvuvi wa kamba. Alikuwa amejua kusoma kwa miezi michache tu. Siku moja alipita kijiji cha ng'ambo kuuza kamba, akaona tangazo limebandikwa kwenye kibanda umiza. Lilisema: SIMBA NA YANGA, LEO, 19:00. Alifurahi sana, kwa sababu alilisoma mwenyewe bila kumwuliza mtoto. Lakini namba ile ilimshangaza. Saa yake ya ukutani inaishia 12. Hiyo 19 inatoka wapi? Akaona pengine ile 1 ni kosa la kalamu. Akaiacha, akashika 9. Akasema moyoni, mpira ni saa 9 alasiri.

Siku ile ilikuwa ya bamvua. Mnajua mambo ya bamvua kwetu. Maji hujaa jioni, kiasi cha saa 10, na usiku kiasi cha saa 4 yamekupwa, mto ni tope tupu. Mzee alipanga vizuri sana. Atakwenda na maji yanayojaa, atafika saa 9, ataona mpira, na saa 11 atarudi kwake maji yakiwa bado yamejaa. Hesabu yake ya maji haikuwa na kosa hata kidogo. Alifika saa 9. Kibanda kimefungwa. Akangoja. Saa 11 maji yakaanza kumwaga, mpira bado. Kipenga kililia saa 1 usiku. Ulipokwisha ilikuwa saa 3, na mtumbwi wake umelala juu ya tope kama ng'ombe mgonjwa. Akalala palepale, mbu wakamla, mpaka maji ya alfajiri yalipomnyanyua. Timu gani ilishinda siku ile, hapendi kuulizwa.

Sasa tujifunze. Matangazo mengi ya mpira huandika saa kwa namba za kuanzia 0 mpaka 23. Hizo huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sisi saa 1 yetu huanza baada ya jua kuchomoza, na saa 1 nyingine baada ya jua kutua. Kwa michezo ya mchana na usiku, shika njia hii.

Ukiona namba 13 mpaka 18, toa 6.
16:00 ni 16 toa 6. Jibu 10. Ni saa 10 jioni.
17:00 ni 17 toa 6. Jibu 11. Ni saa 11 jioni.

Ukiona namba 19 mpaka 23, toa 18.
19:00 ni 19 toa 18. Jibu 1. Ni saa 1 usiku.
21:00 ni 21 toa 18. Jibu 3. Ni saa 3 usiku.

Ziandike hesabu hizi kwenye daftari lako. Mzee wetu ameziandika kwa mkaa ndani ya mtumbwi.

MCHEZO HUWEZA KUAHIRISHWA

Kuahirisha ni kusogeza jambo mbele, lifanyike siku nyingine. Ratiba ya ligi hutolewa na Bodi ya Ligi Kuu, iliyo chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF. Ratiba huandikwa, na kilichoandikwa huweza kubadilishwa.

Mei 8, 2021, Simba na Yanga walipangiwa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyohiyo likatoka tangazo kwamba saa imebadilishwa, mchezo utakuwa saa 1 usiku. Yanga walishika saa ya kwanza. Simba walishika saa ya pili. Watu wamejaa uwanjani, na mpira haukuchezwa. Ulikuja kuchezwa Julai 3, 2021, na Yanga wakashinda bao 1 kwa 0, lililofungwa na Zawadi Mauya. Mnaona? Mzee wetu alipotea kwa namba moja. Hata wakubwa wa mpira saa ziliwahi kuwatenganisha.

Machi 8, 2025, mchezo wao mwingine uliahirishwa siku ileile uliyopaswa kuchezwa. Watu wa mikoani walikuwa wameshafika Dar es Salaam.

Kutoka Kibiti mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 100 kwa Barabara ya Kilwa. Anayetoka Mbwera, Kiomboni au Maparoni ana safari ya maji kwanza, ndipo aione barabara. Basi mtu wa delta anayekusudia kwenda uwanjani asome tangazo la mwisho, si la kwanza. Tazama tarehe ya tangazo lenyewe. Tangazo la wiki iliyopita na tangazo la leo yakigongana, shika la leo. Kama huna simu, mwombe mwenye simu akuonyeshe, lakini usome wewe mwenyewe. Usikubali kusomewa.

MSIMAMO WA LIGI

Baada ya siku na saa, tafuta msimamo. Msimamo ni orodha ya timu zote, kuanzia yenye pointi nyingi mpaka yenye pointi chache. Katika Ligi Kuu ya msimu wa 2024/2025 zilicheza timu 16, na kila timu ilikuwa na michezo 30. Kushinda ni pointi 3. Sare, yaani kutofungana au kufungana sawa, ni pointi 1. Kufungwa ni 0.

Sasa tujifanye kwamba leo ni Jumanne, Juni 24, 2025. Ule mchezo ulioahirishwa Machi utachezwa kesho, Jumatano. Kila timu imecheza michezo 29, na imebaki na mmoja tu, huo wa kesho. Ukifungua gazeti unakuta hivi:

Timu | Michezo | Kushinda | Sare | Kufungwa | Pointi
Yanga | 29 | 26 | 1 | 2 | 79
Simba | 29 | 25 | 3 | 1 | 78

Soma mstari wa Yanga polepole, weka kidole. Imeshinda michezo 26. Mara 3 ni 78. Ongeza sare 1. Jumla 79. Gazeti limesema kweli. Sasa soma wa Simba. Imeshinda 25. Mara 3 ni 75. Ongeza sare 3. Jumla 78. Sawa.

Tazama jambo jingine. Simba imefungwa mara 1 tu msimu mzima, Yanga mara 2. Mtu wa Simba atasema, sisi ndio bora, hatufungiki. Mtu wa Yanga atasema, sisi ndio tunaoongoza. Wote wawili wamesoma orodha moja, na hakuna aliyesema uongo. Sare tatu ndizo zilizomweka Simba nyuma. Kila sare inamnyima mtu pointi mbili ambazo angezipata kwa kushinda. Na ule mchezo mmoja aliofungwa Simba, je, nani alimfunga? Ni Yanga huyohuyo, bao 1 kwa 0, Oktoba 19, 2024. Gazeti zuri litakukumbusha hilo. Gazeti baya litajaza ukurasa kwa picha.

Sasa tupige hesabu ya kesho kabla kesho haijafika. Mchezo una njia tatu tu.

Yanga akishinda, 79 na 3 ni 82. Simba anabaki na 78. Yanga bingwa.
Wakitoka sare, Yanga 80, Simba 79. Yanga bingwa.
Simba akishinda, 78 na 3 ni 81. Yanga anabaki na 79. Simba bingwa.

Umeona? Sasa unajua kitu ambacho mwenye kelele nyingi kibandani huenda hajakitazama. Yanga anaweza kuwa bingwa hata bila kushinda. Simba hana njia nyingine, lazima ashinde. Kwa hiyo timu hizi mbili hazitaingia uwanjani na haja moja. Mwenye haja ya sare anaweza kungoja nyuma na kulinda. Mwenye haja ya ushindi atalazimika kwenda mbele, na anayekwenda mbele huacha nafasi nyuma yake. Huhitaji kuwa mchezaji kuelewa hili. Anayevua kwa wavu na anayevua kwa ndoana hawakai mtumbwini kwa namna moja.

Neno "lazima" nimelitumia hapo juu. Nimelitumia kwa hesabu. Gazeti likiandika "lazima Simba ashinde", uliza: ni lazima ya hesabu, au ni lazima ya mapenzi?

MAMBO YA ZAMANI

Habari za mchezo unaokuja hupenda kurudi nyuma. Darasani kwetu nako ni hivyohivyo. Nilipoandika ubaoni "Simba na Yanga", mzee mmoja wa Simba alisimama kabla sijaweka chaki chini.

"Mwalimu, andika na hili. Mwaka 1977 sisi tuliwafunga sita bila."

Mama mmoja wa Yanga akamjibu bila kusimama, anasuka ukindu wake:

"Shikamoo mzee wangu. Hao waliofunga sasa ni mababu. Kesho watacheza wao?"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mzee naye alicheka, akasema "Marahaba, mwanangu, umenipata." Lakini wote wawili walikuwa na hoja, kwa hiyo tuliandika.

Juni 1, 1968, Yanga iliifunga Sunderland, yaani Simba ya leo, mabao 5 kwa 0. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Mei 6, 2012, Simba tena, 5 kwa 0. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5 kwa 1. Hayo ni ya kweli, yalitokea, na yanapendeza kusimuliwa chini ya mwembe. Lakini rudi kwenye msimamo wetu. Mabao 6 ya mwaka 1977 yako kwenye safu gani? Hayapo. Hayaongezi pointi hata moja kwa mchezo wa Juni 2025.

Ya zamani yenye faida ni ya karibuni, ambapo wachezaji wengi na walimu wao ni walewale. Kuanzia Novemba 2023 mpaka siku yetu ya kujifanya, Yanga imeifunga Simba mara nne mfululizo. Hilo ni jambo la kuweka mizani. Upande wa pili, Simba mwezi Mei 2025 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ingawa RS Berkane ya Morocco ilichukua kombe. Timu inayofika fainali ya Afrika si timu ya kudharau.

Kuna na siku nyingine ya kukumbuka, Oktoba 20, 2013. Kufikia mapumziko Yanga inaongoza mabao 3 kwa 0. Watu wa Simba wengine waliondoka uwanjani, nani angewalaumu? Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote matatu. Mchezo ukaisha 3 kwa 3. Ikiwa mtu aliyeuona nusu ya mchezo kwa macho yake alikosea, basi mtu anayetabiri kabla haujaanza tumsikilize kwa sikio moja.

MANENO YA KUPIMA

Chukua kalamu. Nimetunga sentensi tano, kama zile za habari za mpira. Zisome, kisha tuzipime pamoja.

1. Mchezo utachezwa Jumatano, Juni 25, 2025.
2. Yanga ina pointi 79 na Simba ina pointi 78.
3. Inasemekana beki mmoja anaumwa goti.
4. Wachezaji wameapa kufa uwanjani.
5. Huenda Simba wakaanza kwa kushambulia.

Ya kwanza ni tangazo. Unaweza kulihakikisha kwenye ratiba. Ya pili ni hesabu. Unaweza kuihakikisha mwenyewe, kwa vidole ukitaka. Ya tatu ni uvumi. Nani kasema? Beki gani? Goti la kushoto au la kulia? Neno "inasemekana" ni mlango usio na mwenye nyumba. Ya nne ni maneno ya moyo. Hayana kosa, yanaleta hamasa, lakini hakuna mtu aliyekufa. Ya tano ni makadirio. Aliyeandika amesema "huenda", maana yake anakiri kwamba hajui. Huyo mimi namheshimu kuliko wa tatu, hasa akieleza sababu yake.

Kwa wachezaji pia, pima hivyohivyo. Mchezaji mwenye kadi nyekundu ya mchezo uliopita hatacheza, hilo ni jambo la kanuni. Mchezaji anayefunga sana atafunga tena, hilo ni tumaini. Jean Charles Ahoua wa Simba alimaliza msimu wa 2024/2025 akiwa mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Ungekuwa shabiki wa Simba usiku ule wa Juni 24, ungemtaja yeye kwanza. Hata mimi ningemtaja.

KESHO YAKE

Sasa tuache kujifanya. Juni 25, 2025, Yanga ilishinda mabao 2 kwa 0. La kwanza alifunga Pacome Zouzoua kwa penalti, la pili Clement Mzize. Ahoua hakufunga. Yanga ilimaliza na pointi 82 na Simba 78, kama hesabu yetu ya njia ya kwanza ilivyosema. Ulikuwa ubingwa wa nne mfululizo wa Yanga. Kabla ya hapo Simba nayo iliwahi kuchukua mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/2018 mpaka 2020/2021. Kwa hiyo watani hawa hawadaiani kitu.

Angalia hesabu yetu ilijua nini. Ilijua kila njia itampa nani kombe. Haikujua ni njia ipi itatokea, wala haikujua mabao mawili, wala penalti. Mpaka hapo ndipo kusoma kunapofika. Anayekuambia kwamba anajua zaidi ya hapo, mtazame mkono wake unaelekea mfukoni mwa nani.

MKEKA

Hapo ndipo tunapofika kwenye mkeka. Simaanishi mkeka wa ukindu wanaosuka mama zetu wa Rufiji. Namaanisha ule mkeka wa vijana, yaani karatasi au ujumbe wa simu wa kuweka fedha kwenye mpira. Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18. Mtu mzima sina amri juu ya fedha zake. Lakini mimi ni mwalimu wa kusoma na kuhesabu, na mkeka ni kusoma na kuhesabu.

Kijana anaweka shilingi 10,000. Anachagua michezo mitano. Akipatia yote mitano, analipwa nyingi. Akikosa mmoja, amekosa yote. Tuhesabu njia. Mchezo mmoja una njia 3, kama tulivyoona: huyu ashinde, sare, au yule ashinde. Michezo miwili ina njia 3 mara 3, ni 9. Mitatu ni 27. Minne ni 81. Mitano ni 243. Njia zote hazina uzito sawa, kweli, timu kubwa hushinda mara nyingi kuliko ndogo. Hata hivyo tumeona timu kubwa msimu ule. Yanga bingwa alifungwa mara mbili na akatoka sare mara moja, na mara zote hizo aliyekuwa mbele yake hakuwa Simba. Mikeka mingapi ilichanika siku hizo tatu?

Mwezi wa Juni ni mwezi wa fedha za ufuta. Msimu wa korosho nao una siku zake. Michezo mikubwa haitangulizi kuuliza kama ada ya mtoto imelipwa. Mama yule msukaji alilisema vizuri kuliko mimi: mkeka wake ukichanika anaushona, na jioni watu wanaukalia.

KAZI YA DARASA

Fanyeni kazi hizi wawili wawili. Anayesoma vizuri akae na anayeanza.

1. Tangazo linasema mchezo ni 16:00. Jingine linasema 20:00. Andika saa hizo kwa namna tunavyosema sisi.

2. Timu moja imecheza michezo 10. Imeshinda 6, sare 2, imefungwa 2. Ina pointi ngapi? Timu ya pili imecheza michezo 10. Imeshinda 5, sare 5, haikufungwa hata mara moja. Ina pointi ngapi? Kesho zinacheza pamoja. Andika njia zote tatu na pointi zake, kama tulivyofanya kwa Simba na Yanga.

3. Leteni darasani ukurasa mmoja wa gazeti lenye habari za mchezo unaokuja, hata kama lilifungia maandazi. Pigeni mstari chini ya kila "inasemekana", "huenda", "inatarajiwa" na "lazima". Kisha hesabuni sentensi ngapi zimebaki bila mstari.

4. Andikeni tangazo la mchezo kati ya timu ya kijiji chenu na timu ya kijiji jirani. Tumieni mfano huu, mjaze nafasi:

TANGAZO
Timu ya Kijiji cha ............ itacheza na Timu ya Kijiji cha ............
Siku: ............ Tarehe: ............
Saa: ............ (andika kwa namna zote mbili)
Uwanja: ............
Kiingilio: ............
Limeandikwa tarehe: ............ na: ............

Darasa la vijiji vya delta liongeze mstari mmoja:

Maji yatajaa saa: ............ Yatakupwa saa: ............

5. Baada ya mchezo wenu kuchezwa, rudieni tangazo lile. Kila mmoja aandike sentensi tatu: jambo alilolijua kabla ya kipenga, jambo alilolikadiria, na jambo ambalo halikumjia kabisa akilini.